Tukiyasubiri Maji ya Tsarao

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetoka mjini alfajiri ukavumilia vumbi letu, Kgosi wetu, chifu mwenye ardhi hii na mwenye subira kutupita sote, Waheshimiwa Madiwani, Mkuu wa Hifadhi ya Tsarao pamoja na askari wako wa wanyamapori, wazee wetu, bo-rra na bo-mma, baba zetu na mama zetu, wapiga pondo wenzangu, akina mama wa vyungu kule nyuma, ambao harufu ya nyama yenu ya seswaa inaninyang'anya wasikilizaji hata kabla sijaanza, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: dumelang, na poleni kwa baridi hii ya Julai. Pula, mvua na inyeshe.

Asanteni kwa kuitikia. Jina langu ni Kesentseng. Mimi ni mpiga pondo, nasukuma mtumbwi kwa mti mrefu, na kwa sasa ni mwenyekiti wa umoja wa wapiga pondo wa Tsarao. Kwenye ratiba mliyopewa nimetengewa dakika chache tu, baada ya kwaya na kabla ya utepe. Lakini mshereheshaji wetu, Rra Dikgang, amekuja sasa hivi kuninong'oneza, nanyi mmemwona, kwa hiyo hakuna siri. Ameniambia, "Mma, maji bado. Wewe ongea tu. Usinyamaze mpaka nikupungie kofia." Basi leo nimepewa ruhusa ambayo sijawahi kupewa nyumbani kwangu, ya kusema mpaka nichoke. Mume wangu pale ameshafumba macho. Anajua kinachokuja.

Mheshimiwa, usione tumekuita kufungua gati lililosimama juu ya mchanga ukadhani tumerukwa na akili. Gati ni zima, nguzo ni imara, utepe unang'aa, na mtumbwi mnauona pale chini umelala kifudifudi… samahani, umelala chali, tumeshaugeuza. Kinachokosekana ni mto tu. Barua za mwaliko zilikwenda kwa kila mtu na kila mtu amekuja, ila maji hatukuyaandikia. Jana jioni yalikuwa bado kwenye malisho ya juu. Leo asubuhi yamepita zizi la kina Rra Dikgang. Sasa hivi yako nyuma ya kona ile yenye miti ya miiba, yanakuja kwa mwendo wa bibi harusi, na bibi harusi hakimbizwi.

Ninyi vijana mnacheka, lakini wangapi kati yenu mmewahi kuyaona maji hapa? Mkondo huu ulikauka mimi nikiwa bado shule ya msingi. Mafunjo yaliziba kule juu, maji yakahamia upande wa pili, sisi tukaachiwa njia ya mchanga ambayo ninyi mmeichezea mpira maisha yenu yote. Hifadhi haikufa. Iliendelea kule ndani na viboko wake, na nzohe wake, na maua yake ya yungiyungi yanayofunguka jua likipanda, lakini mlango wetu wa kuingilia ndio uliofungwa. Tangu hapo anayetaka kuingia kutoka kijijini hupanda lori, akatikiswa nyikani nusu ya siku, ndipo anashuka penye mitumbwi. Mwaka jana viboko walipasua mafunjo yale kwa ajili ya safari zao wenyewe, bila kumwomba mtu kibali, na mwaka huu maji yamerudia njia yake ya zamani. Mkuu wa Hifadhi, nadhani viboko nao wana haki ya kuketi meza kuu.

Lakini hatukuja kwa ajili ya gati peke yake. Tumekuja pia kumuaga Rra Samotsoko, ambaye leo anaweka pondo chini. Mnamwona pale mstari wa mbele, amevaa koti alilovaa kwenye harusi ya binti yake, na pembeni yake ni mkewe, Mma Ditiro, aliyejifunika blanketi la bluu. Rra Samotsoko, geuza shingo huku, tunakusifu wewe. Hasikii. Macho yake yote yako kwenye ile kona.

Nimemjua mzee huyu tangu nilipomwendea nikiwa msichana kumwambia nataka kupiga pondo. Wanaume waliokuwa pale kambini walicheka mpaka mmoja akakohoa chai. "Mma, utasimama nyuma ya mtumbwi na sketi hiyo?" Rra Samotsoko hakucheka. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Unaweza kukaa kimya?" Nikamjibu siwezi. Akasema, "Afadhali umesema ukweli. Panda." Nikapanda, nikaanguka majini siku hiyo hiyo, nikapanda tena.

Alinifundisha kupita kwenye maji mafupi, maana maji marefu ni barabara ya viboko nao hawapishani na mtu. Alinifundisha kugonga ubavu wa mtumbwi kabla ya kona, kama unavyobisha hodi. Na alinifundisha jambo ambalo kila mpiga pondo wa Tsarao amelisikia kutoka kwake. Alisema, "Mgeni akikuuliza kesho tutaona nini, mwambie tutaona maji. Vingine vyote ni zawadi. Usimwahidi mtu zawadi iliyo mikononi mwa mwingine." Kumbukeni maneno hayo, nitayarudia baada ya muda si mrefu, kama maji yatachelewa.

Sasa, ndugu zangu, kazi hii ina ulemavu wake. Mpiga pondo husimama nyuma na mgeni hukaa mbele. Unaongea na mtu kutwa nzima na humwoni uso. Unachokijua ni kisogo chake. Fanya hivyo miaka mingi uone itakavyokufanya. Kgosi, najua unakumbuka ule mwaka wa ugomvi wa nyavu, Rra Samotsoko alipoitwa barazani atoe ushahidi. Aliinuka, akavua kofia, akawapita wazee wote kwa heshima, akazunguka, akaenda kusimama nyuma ya kiti chako. Watu wakabana pumzi. Akaanza kama anavyoanza siku zote kazini: "Kushoto kwako, Kgosi…" Na baraza zima likageuka kushoto, na wewe Kgosi ukageuka, na kushoto palikuwa na mbuzi anakula kikapu cha mtu. Kesi ile iliisha kwa kicheko, na nyavu zikaondolewa mtoni wiki ileile. Kgosi anaitikia kwa kichwa, kwa hiyo sijasema uongo.

Rra Dikgang? Bado? Haya.

Basi nitawasimulia jambo la nyumbani kwao, nami nimeruhusiwa na wenyewe. Kila mzee huyu akirudi kutoka hifadhini, jioni huketi nyuma ya mkewe aliyeinamia ukili wake anasuka vikapu, na humsimulia alichokiona. Humwambia jinsi ukungu wa alfajiri unavyokaa juu ya maji hata usijue mtumbwi unaelea ndani ya kipi. Humwambia habari za nzohe, yule swala wa kwenye matete, ambaye akishtuka hakimbii mbali, anajididimiza palepale mpaka yanabaki matundu ya pua tu juu ya maji, na wewe unapita karibu yake ukidhani umeona vitufe viwili vya majani. Humwambia tembo wanavyovuka mkondo jua likizama, wakubwa wakitembea chini na wadogo wakiogelea katikati yao, mikonga juu, kimya kabisa. Humwambia giza likiingia vyura wadogo wa kwenye matete huanza kulia, sauti zao nyembamba kama vikombe vya kioo vikigonganishwa, mmoja, kisha mia, kisha hujui kama unawasikia au umeshalala.

Na Mma Ditiro, bila kuinua macho kutoka kwenye kikapu, humjibu neno moja: "Mwongo."

Miaka yote hiyo, mabibi na mabwana. Watu wametoka ng'ambo, wamevuka bahari, wamekaa mbele ya mtumbwi wa mzee huyu na kila alilowaambia wamelipokea kwa mikono miwili. Mtu mmoja tu duniani hajawahi kumkubalia, na ndiye analala naye chumba kimoja. Alipomweleza habari za yule ndege mwekundu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi, kwamba ni dume ndiye anayelea watoto, na hatari ikija huwakumbatia chini ya mbawa na kuondoka nao, miguu yao ikining'inia chini mpaka ndege mmoja anaonekana ana miguu kumi, Mma Ditiro aliweka ukili chini. Alisema, "Ndege wa miguu kumi? Rra, huyo ni tandu. Kawauzie Wazungu."

Mimi mwenyewe nimemwona ndege huyo, na miguu yote. Nilikwenda kumtetea mwalimu wangu. Nikafukuzwa pamoja naye.

Kwa nini hakumpeleka akajionee? Hapo ndipo penye kosa letu, sisi watu wa mto, nami nalisema mbele ya Mheshimiwa bila kuona haya. Tumeingiza dunia nzima Tsarao na wenyewe hatujaingia. Tunaingia kukata matete, tunaingia kuchimba tswii, ile mizizi ya yungiyungi tunayoila, tunaingia kazini. Nani hapa amewahi kuingia akakaa mbele, mikono mapajani, akatazama tu? Nyosheni mikono. Naona mmoja. Rra, shusha, wewe ulikuwa umelewa ukabebwa. Kila msimu Rra Samotsoko alimwambia mkewe, "Mwakani nitakupeleka," na kila msimu kiti cha mbele kilikuwa na mwenyewe. Halafu mkondo ukakauka. Halafu Mma Ditiro akateleza uani, akavunjika nyonga, na nyonga ile haikurudi kama zamani. Walimjaribu kwenye lori mara moja. Hawakufika hata kwenye mbuga ya chumvi hapo karibu. Aliomba ashushwe, akakaa chini ya mti akilia kwa maumivu mpaka wakamrudisha kwa machela. Tangu siku ile Rra Samotsoko hakusema tena "mwakani".

Kwa hiyo umoja wetu ulipomuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu, huku sisi tumeshaanza kubishana kama ni ng'ombe au ni mabati, yeye alisema, "Nataka kwenda hifadhini." Tukamwambia, Rra, umetoka huko jana. Akasema, "Nataka kwenda kama mgeni. Mimi na mke wangu. Tukae." Nyonga ya Mma Ditiro haiwezi lori lakini inaweza maji, maana mtumbwi haumtikisi mtu. Ndiyo sababu sherehe hii imewekwa leo, siku ambayo maji yalitarajiwa kufika, na ndiyo sababu mtumbwi ule pale chini una mito miwili ya kukalia na blanketi. Na mpiga pondo wao ni mimi.

Mma Ditiro alikubali kwa sharti moja. Alisema, "Nitakwenda, lakini huyu asifungue mdomo njia nzima. Nataka kuona mwenyewe." Rra Samotsoko akaapa mbele yetu kwamba hatasema neno. Wapiga pondo wenzangu waliokuwepo walimtazama kwa huruma kubwa.

Juzi akanijia peke yake. Mwalimu wangu, ambaye sijawahi kumwona akiogopa, hata siku mamba alipogonga mtumbwi wetu. Alisimama nyuma yangu, kama kawaida yake, akasema, "Kesentseng, na kama hayupo?" Nikamuuliza nani. "Yule ndege. Na nzohe. Na wote. Kama tukiingia na tusione kitu?" Nikamwambia maneno yake mwenyewe, kwamba tutaona maji na vingine vyote ni zawadi. Akasema, "Hayo ni ya wageni. Huyu ni mke wangu. Hatapata siku nyingine."

Ngojeni. Rra Samotsoko ameshindwa kuvumilia. Ameinuka anakwenda kwenye kona kuyatazama maji kwa macho yake. Mwacheni aende, Rra Dikgang, usimzuie. Sawa. Amefika kwenye mti wa kwanza. Upepo unatoka kwake kuja kwetu, kwa hiyo hatanisikia.

Mma Ditiro, niseme? Amefunika uso na blanketi. Nachukua hiyo kuwa ni ndiyo.

Haraka basi, sogeeni, kipaza sauti nakiweka chini. Wiki iliyopita nilikwenda kwake kujua atakaaje bila kuumia, tukawa wawili tu. Nikamuuliza, "Mma, kweli kabisa, humwamini?" Akacheka mpaka akashika nyonga. Akaniambia, "Mwanangu, nilimwamini tangu jioni ya kwanza. Lakini mwanamume ukishamwambia nimekuamini, anageukia ukutani anakoroma. Mimi nikamwambia, mwongo wewe. Basi akaamka, akaketi, akaanza upya, akaongeza na vyura. Mto wote huu nimeupata kwa njia hiyo, kipande kwa kipande, nimekaa pale pale kwenye mkeka wangu. Ningesema naamini, ningepata nini?" Nikamuuliza, sasa mbona umemkataza kusema safarini? Akavuta ukili. "Kwa sababu anaogopa. Akiruhusiwa kuongea atakuwa ananiomba radhi kwa kila ndege ambaye hakutokea. Mimi ndege wangu nilishawaona wote. Nataka tu akae, apumzike, asimtafutie mtu kitu."

Anarudi. Futeni macho, jamani, mtatufichua. Mheshimiwa, hata wewe.

Rra Samotsoko, karibu, kaa. Tulikuwa tunazungumzia mbuzi.

Na pale nyuma yake, ndugu zangu, Rra Dikgang amevua kofia. Anapunga. Tazameni kwenye kona, chini, usawa wa mchanga. Si maji bado. Ni yangeyange wale weupe, wamejipanga wanatembea mbele yake wakiokota senene na panzi wanaokimbia. Sasa oneni nyuma ya miguu yao. Ule mstari wa povu na majani makavu. Nyamazeni kidogo, akina mama acheni miiko, sikilizeni. Ni mchanga huo unaotoa pumzi. Unakunywa. Niliisahau sauti hii, nilikuwa mdogo sana, na leo naijua kama sauti ya mama yangu.

Yanakuja taratibu, hayana haraka na mtu. Yameingia kwenye nyayo za watoto za mpira wa jana, yanajaza unyayo mmoja mmoja. Yamefika nguzo ya kwanza ya gati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naona umevua viatu, nami nakuomba radhi, utepe itabidi uukate bila mimi. Nakushukuru kwa kuja. Kgosi, nakushukuru kwa siku hii na kwa kuvumilia hadithi ya mbuzi. Mkuu wa Hifadhi, asante kwa kutunza kule ndani wakati sisi huku tumefungiwa nje. Akina mama, tutunzieni tswii, tutarudi na njaa. Kipaza sauti hiki hakina waya, kwa hiyo nashuka nacho. Wapiga pondo, mnyanyueni Mma Ditiro, polepole, shikeni chini ya magoti, hapo. Mma, mto uko sawa? Anasema uko sawa, niache kumshikashika. Rra Samotsoko, ingia. Hapana, si huko kwangu, mbele. Kaa nyuma ya mkeo. Pondo niachie mimi, Rra. Niachie. Asante.

Mtumbwi bado uko juu ya mchanga. Tunasubiri. Maji yamezunguka pande zote mbili. Umetikisika. Mma Ditiro ameshika kingo, ametumbukiza mkono ndani ya maji, anautazama.

Kwa ninyi wa nyuma ambao hamkusikia, ameuliza swali, bila kugeuka. Amesema, "Rra, na maji haya, siku zote hizi yalikuwa wapi?"

Rra Samotsoko amenigeukia mimi. Amefunga mdomo kama alivyoapa, na machozi yanamtiririka kwenye koti.

Mjibu, Rra. Umeulizwa.

Ndugu zangu, tunaelea. Asanteni kwa kunisikiliza. Zamu yangu sasa ni kusikiliza.